Maganda ya risasi: Marekani hujazwa tena nyumbani, Kivu yanaishia kwenye gunia la mitraille

Mapigano yanapotulia katika mtaa, wakaaji hutoka nje na kukuta chini vitu vidogo vya rangi ya manjano au kijivu: maganda ya risasi. Watoto wanayaokota ili wachezee. Wakubwa wengine wanayachanganya na vyuma vya zamani, vile tunavyoita mitraille, ili wayauze kwa kilo. Baada ya siku chache barabara ni safi, na hakuna anayeweza tena kusema ni risasi za aina gani zilipigwa pale, zilitengenezwa wapi na mwaka gani.

Mbali na hapa, Marekani, ganda la namna hiyo lina maisha mengine. Mwindaji au mpenda shabaha akimaliza kufyatua, anainama na kuokota maganda yake moja moja. Anayapeleka nyumbani, anayasafisha, anayanyoosha, kisha anayajaza upya kwa baruti na kichwa kingine cha risasi. Kwake ganda ni mali, tena ni sehemu ya bei kubwa kuliko zote katika risasi nzima.

Hata hivyo habari hii inatugusa. Ukielewa kwa nini kazi ile inawezekana kwenye meza ya Mmarekani, na kwa nini haiwezi kulisha vita vya kwetu, unaelewa pia kwa nini ganda linaloachwa Masisi, Rutshuru, Ituri au Uvira ni ushahidi wenye thamani kubwa. Na unaelewa hasara tunayopata kila linapoingia kwenye gunia la muuza mitraille.

Risasi moja, vitu vinne

Watu wengi husema "risasi" wakifikiri ni kitu kimoja. Kwa kweli ni vitu vinne vilivyounganishwa. Kuna kichwa, kile kinachoruka na kujeruhi. Kuna baruti, inayoungua na kutoa gesi ya kusukuma kichwa. Kuna kiwashio, kidude kidogo kilicho katikati ya kitako, ambacho hugongwa na sindano ya bunduki na kutoa cheche. Na kuna ganda, douille kwa Kifaransa, linaloshika vyote vitatu pamoja.

Risasi ikipigwa, baruti inaisha, kichwa kinaenda zake, kiwashio kinakufa. Ganda peke yake linabaki, likirushwa kando na bunduki.

Ganda zuri hutengenezwa kwa shaba ya manjano, yaani mchanganyiko wa shaba asilimia 70 na zinki asilimia 30. Msomaji wa Katanga anazijua madini hizo mbili kwa majina ya miji: Kipushi pekee imetoa shaba na zinki pia. Mchanganyiko huo unapendwa kwa sababu moja. Baruti inapowaka, ganda hupanuka na kuziba kabisa chumba cha bunduki ili gesi isirudi usoni mwa mpigaji, kisha hupungua kidogo mara moja na kutoka bila kukwama. Chuma cha kawaida hakifanyi hivyo kwa urahisi.

Kazi ya mezani

Kwa sheria ya serikali kuu ya Marekani, mtu anayejaza maganda kwa matumizi yake mwenyewe hahitaji leseni. Akianza kuyatengeneza kama biashara, hapo leseni inahitajika. Kwa hiyo kazi hii inafanyika katika gereji na vyumba vya chini vya nyumba nyingi, na maduka yanauza vifaa vyake hadharani.

Sehemu ndefu ya kazi ni kutayarisha ganda, kabla baruti haijaguswa. Kwanza linakaguliwa kwa macho: lenye ufa linatupwa. Kisha linasafishwa, mara nyingi ndani ya mashine inayozunguka iliyojaa unga wa magunzi ya mahindi au wa maganda ya karanga ngumu. Halafu linasukumwa ndani ya kalibu ya chuma ili lirudie umbo lake, maana moto umelipanua. Baada ya hapo linapimwa urefu. Kila mara linapofyatuliwa, shaba hutiririka kidogo kuelekea mdomoni, na ganda lililorefuka kupita kipimo linaweza kupandisha shinikizo ndani ya bunduki hadi kiwango cha hatari.

Wenye uzoefu wanaogopa zaidi sehemu iliyo juu kidogo ya kitako. Pale shaba hunyooka na kuwa nyembamba kila inapotumiwa, hadi siku moja ganda hukatika vipande viwili ndani ya bunduki. Ndiyo sababu wanaandika katika daftari kila fungu limejazwa mara ngapi. Mjazaji wa makini anajua historia ya kila ganda lililo mezani kwake.

Ganda lina thamani kiasi gani kwao? Mwaka 2009, idara inayouza mabaki ya jeshi la Marekani iliamua kwamba maganda yaliyokwisha kufyatuliwa yapondwe kwanza kabla ya kuuzwa. Wajazaji na wafanyabiashara walipiga kelele, maseneta wawili wa jimbo la Montana wakaingilia kati, na katika mwezi wa Machi uamuzi huo ukafutwa. Miaka ya 2020 na 2021, risasi na viwashio vilipokosekana madukani, mwenye ndoo ya maganda ya zamani alijiona tajiri, ingawa bila viwashio hakuweza kuyajaza.

Kwa nini kazi hiyo hailishi vita

Sasa turudi nyumbani. Bunduki inayojulikana zaidi mashariki mwa Kongo ni ya familia ya Kalashnikov, inayotumia risasi ya milimita 7,62 kwa 39. Risasi hiyo ilibuniwa katika Umoja wa Kisovieti mwaka 1943, na tangu mwanzo ilikusudiwa kutengenezwa kwa wingi na kwa bei ndogo. Sehemu kubwa ya maganda yake ni ya chuma kilichopakwa rangi au tabaka jembamba la shaba. Nia ilikuwa yapigwe mara moja na kuachwa.

Kuna kikwazo kingine, kilicho chini ya kitako. Katika miaka ya 1860 watu wawili walibuni namna mbili za kuweka kiwashio. Mmoja alikuwa ofisa wa Uingereza, Edward Boxer, na mwingine Mmarekani, Hiram Berdan. Kinachoshangaza ni kwamba Marekani ilichukua mtindo wa Mwingereza, na sehemu kubwa ya Ulaya na Asia ikachukua ule wa Mmarekani. Ganda la Boxer lina tundu moja katikati, na kiwashio kilichokufa husukumwa nje kwa urahisi. La Berdan kwa kawaida lina matundu mawili madogo pembeni, na kukitoa kiwashio ni kazi ya kuudhi. Risasi nyingi za kijeshi za Kalashnikov ni za Berdan.

Ongeza hesabu ya muda. Mtu mwenye mashine ndogo ya mkono, akiwa na maganda yaliyotayarishwa na kila kitu mbele yake, hutengeneza takriban risasi 50 hadi 100 kwa saa. Kalashnikov ina kasi ya takriban risasi 600 kwa dakika. Magazini ya risasi 30, ile wengi wanaita chargeur, inaweza kuisha kwa sekunde tatu. Kazi ya nusu saa ya fundi inateketea kabla mtu hajamaliza kupiga chafya. Na hapo bado hatujauliza viwashio na baruti vitatoka wapi, maana hivyo ni bidhaa za kiwanda ambazo hazitengenezwi jikoni kwa usalama.

Risasi za uwindaji za kalibri 12 ni jambo jingine, kwa kuwa ganda lake ni la plastiki au karatasi ngumu na bunduki yake ni rahisi zaidi. Lakini vita vya Kivu na Ituri havipiganwi kwa bunduki za kalibri 12.

Hitimisho ni zito. Bunduki inaweza kuishi miaka 40 na kupita mikononi mwa makundi matano. Risasi inaisha leo, na anayepigana lazima apate nyingine kesho. Kwa kuwa haitengenezwi kichakani, kila risasi inayopigwa kwetu imetoka kiwandani, ikawekwa ndani ya sanduku, ikauzwa kwa mtu, ikasafirishwa, ikavuka mpaka au ikatoka katika ghala. Ganda linalobaki chini ni kama risiti ya safari hiyo.

Kitako kinasema nini

Geuza ganda la kijeshi na kwa kawaida utaona alama zilizogongwa kwenye kitako: nambari au herufi za kiwanda, na mwaka wa kutengenezwa. Risasi zenye viwango vya NATO hubeba duara lenye msalaba ndani. Viwanda vya China na vya Umoja wa Kisovieti wa zamani hutumia nambari ambazo wataalamu wanazijua. Katika kanda yetu pia kuna viwanda vya risasi, kama vile Eldoret nchini Kenya, Nakasongola nchini Uganda na Morogoro nchini Tanzania.

Ndiyo sababu Kundi la Wataalamu la Umoja wa Mataifa juu ya Kongo, lililoundwa kwa azimio 1533 la mwezi Machi 2004, limekuwa likipiga picha vitako vya risasi na kuziweka katika viambatisho vya ripoti zake. Mwaka unaogongwa pale ni wa maana sana. Azimio 1493 la Julai 2003 liliweka vikwazo vya silaha kwa makundi yote yenye silaha katika Kivu mbili na Ituri. Ganda lenye mwaka wa baada ya 2003, likipatikana mahali ambapo kundi kama hilo lilipigana, linauliza swali lenyewe: risasi hii ilifikaje hapa?

Lakini tuwe waangalifu, maana hapa ndipo mitandao ya kijamii inapopotoka. Alama inasema kiwanda. Haisemi ni nani aliyenunua, wala nani aliyefyatua. Risasi iliyotengenezwa China inaweza kuwa iliuzwa kihalali kwa serikali yoyote ya kanda, ikaibwa ghalani, ikatekwa vitani au ikauzwa na askari mwenye njaa. Ripoti za wataalamu hao zimeeleza kwa miaka mingi kwamba sehemu ya risasi za makundi ya ndani zilitoka katika akiba za FARDC, kwa kutekwa au kwa kuuzwa. Zimeeleza vilevile msaada wa jeshi la Rwanda kwa M23, jambo ambalo Kigali inakana. Hakuna hata moja kati ya hayo linalothibitishwa kwa picha ya ganda moja iliyozungushwa kwenye WhatsApp. Linathibitishwa kwa kukusanya maganda mengi, kuandika mahali na siku, na kuyalinganisha na hati za mauzo na mashahidi.

Funzo kutoka Rio de Janeiro

Tarehe 14 Machi 2018, diwani Marielle Franco na dereva wake Anderson Gomes waliuawa kwa risasi ndani ya gari mjini Rio de Janeiro, Brazil. Polisi waliokota maganda ya milimita 9. Katika nchi ile, sheria ya silaha ya mwaka 2003 inataka risasi zinazouzwa kwa vyombo vya usalama ziwe na nambari ya fungu kwenye ganda. Maganda yale yalikuwa ya fungu UZZ-18, lililouzwa kwa Polisi ya Shirikisho mwaka 2006. Risasi za fungu hilo zilikuwa zimeonekana pia katika mauaji ya watu wengi katika eneo la São Paulo mwaka 2015.

Swali la kwanza la wachunguzi lilikuwa lile lile la gereji za Marekani: je, haya ni maganda yaliyookotwa mahali pengine na kujazwa upya? Kama ndivyo, alama ya kitako ingeelekeza uchunguzi kwa mtu asiyehusika. Wakaangalia viwashio, wakasema ni vya asili: risasi hazikuwa zimejazwa tena. Kwa hiyo zilikuwa zimetoka katika akiba ya polisi, kwa njia moja au nyingine.

Maganda peke yake hayakumaliza kesi hiyo. Ilichukua miaka na ushahidi mwingine hadi wauaji wawili wakahukumiwa Oktoba 2024. Lakini yalilazimisha serikali kujibu swali ambalo isingependa kuulizwa: risasi za polisi zilitokaje ghalani?

Kwetu, shaka ile ya kujazwa upya ni ndogo sana kwa sababu tulizoeleza. Ganda la Kalashnikov la chuma, lenye kiwashio cha Berdan, karibu hakika limefyatuliwa mara moja tu tangu litoke kiwandani. Ukilipata, alama yake inasema juu ya risasi iliyopigwa pale, wala si juu ya risasi nyingine ya miaka kumi iliyopita. Katika jambo hili shahidi wa Kivu anaaminika kuliko shahidi wa Texas. Tatizo ni kwamba hatumwiti kutoa ushahidi.

Sheria zinafuata bunduki, zinasahau risasi

Kosa si la Kongo peke yake. Mpango wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2001 dhidi ya biashara haramu ya silaha ndogo hautaji risasi waziwazi. Chombo cha kimataifa cha kufuatilia silaha, kilichopitishwa mwaka 2005, kinahusu bunduki na kinaacha risasi nje. Mwezi Desemba 2023 ndipo Baraza Kuu lilipopitisha utaratibu maalumu wa kusimamia risasi na mabomu tangu kiwandani hadi mwisho wa maisha yake, lakini ni utaratibu wa hiari.

Afrika ya Kati ilitangulia kidogo. Mkataba wa Kinshasa, uliopitishwa katika mji mkuu wetu Aprili 2010 na kuanza kazi Machi 2017, unataja silaha ndogo pamoja na risasi zake na vipuri vyake. Kwa maandishi, basi, risasi imo.

Ndani ya nchi, sheria nambari 85-035 ya Septemba 1985 ndiyo inayoweka utaratibu wa silaha na risasi, na tangu 2008 kuna tume ya taifa ya kudhibiti silaha ndogo. Kwa upande wa jeshi, Baraza la Usalama liliondoa vikwazo kwa serikali mwaka 2008, likiacha sharti la kutoa taarifa, na sharti hilo nalo likafutwa kwa azimio 2667 la Desemba 2022. Serikali ilidai uhuru huo kwa haki yake kama nchi huru. Lakini uhuru wa kununua unakuja na kazi ya kuhesabu. Wanajeshi wa mataifa mengi hurudisha maganda baada ya mazoezi na kuyahesabu dhidi ya risasi walizopewa. Tofauti ya hesabu inaonyesha mapema risasi zinazopotea, kabla hazijaonekana kwenye barrière ya kundi fulani.

Hatari kwa wanaookota

Kuna upande mwingine ambao wazazi wanapaswa kuujua. Viwashio vingi hutengenezwa kwa mchanganyiko wenye risasi-madini, ile plomb, na masizi yake hubaki ndani ya ganda. Wajazaji wa Marekani hushauriwa kuvaa glovu, kunawa mikono na kutokula karibu na kazi hiyo. Kwa mtoto, Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha plomb mwilini kinachojulikana kuwa salama. Mtoto anayepuliza ganda kama filimbi anaweka sumu hiyo mdomoni.

Hatari kubwa zaidi ni kutotofautisha. Katika lundo la maganda tupu huweza kuwa na risasi nzima ambayo haikuwaka, na ikiingia katika moto wa myeyushaji wa vyuma inalipuka. Pembeni yake huweza kuwa na guruneti au roketi. Goma ilipochukuliwa na M23 mwishoni mwa Januari 2025, mitaa ilibaki na mabaki ya vita ya kila aina, na mashirika ya kutegua mabomu yalilazimika kuonya wakaaji wasiguse kitu.

Nini kifanyike

Ushauri kwa raia ni mfupi: usiguse, usiokote, usinunue. Sheria ya kijeshi ya Kongo inaadhibu kumiliki risasi za kivita, na mtu mwenye mfuko wa maganda yaliyochanganyika na risasi nzima atapata shida kueleza nia yake, kwa upande wowote unaotawala mtaa wake. Anayekuta mabaki aweke alama ya kuonya kwa mbali, azuie watoto, na awajulishe wenye kazi ya kutegua.

Kazi kubwa iko kwa wengine. Mahali palipouawa raia, ofisa wa auditorat militaire, wachunguzi wa Umoja wa Mataifa au watetezi wa haki za binadamu waliofunzwa wanapaswa kufika kabla ya muuza mitraille, kupiga picha kitako kwa kitako, na kuandika mahali na saa. Haihitaji maabara. Inahitaji simu yenye kamera nzuri, mifuko safi ya karatasi, na mtu anayejua asichanganye maganda ya mlango huu na ya mlango ule. Pale ambapo kufika haiwezekani kwa sababu ya usalama, kama ilivyo katika maeneo mengi leo, hata lundo lililohifadhiwa na kufungwa kwa tarehe lina faida kuliko lililoyeyushwa.

Mjazaji wa Marekani hupima ganda lake kwa sehemu ndogo za milimita na kuandika historia yake daftarini, kwa sababu anataka kulitumia mara ya tano. Sisi hatutaki kulitumia tena. Tunahitaji kulisoma mara moja tu, kabla halijapimwa kwa kilo.